Honi Iliyochelewa

Mteja wa Kariakoo hanunui sufuria kabla hajaligonga. Huligonga kwa kidole, akatega sikio. Likilia bati huliacha, likilia zito huanza kulalamikia bei. Klara alikuwa na miaka mingi kwenye baraza ya Msimbazi akiuza masufuria, na alishazoea kuona mali yake ikigongwagongwa na watu wasiokuwa na nia ya kununua. Kwa hiyo alasiri ile, Mama Moza, mpishi wa shughuli kutoka Buguruni, alipoinama kuligonga sufuria kubwa kuliko yote, lile la pilau la harusi, Klara hakuinua hata kichwa.

Sufuria lilitoa honi ya meli.

Ilikuwa honi nene na ndefu. Ilitikisa mifuniko, ikapita chini ya viatu vya watu, ikavuka barabara. Waliokuwa njiani walisogea wote. Kijana mwenye robota la mitumba kichwani alijibanza ukutani, mwenye guta la kubebea mizigo akalivuta pembeni, na Mama Moza mwenyewe, ambaye si mtu wa kumpisha mtu, alijikuta ameegemea mlango wa duka la jirani. Honi ilipokwisha kila mmoja alirudi alipokuwa.

"Hili zito," alisema Mama Moza. "Niambie bei ya mwisho."

Klara alimwambia haliuzwi, ingawa mpaka dakika ile lilikuwa linauzwa.

Hafidhi, jirani yake wa baraza, aliyekuwa akiuza chupa za chai, aliwahi kuwa kuli bandarini ujana wake. Alilitazama sufuria, akaendelea kupangusa chupa zake.

"Meli ikilia hivyo, dada Klara, inasema ondokeni, siwezi kusimama," alisema. Akafikiri kidogo. "Itakuwa ile."

Ile ilikuwa meli ya mizigo iliyozimika umeme alfajiri moja ya masika ikitoka bandarini. Taa zilikufa, injini ikafa, usukani ukabaki pambo. Maji yaliichukua na makontena yake mpaka kwenye daraja kubwa, ikagonga nguzo, na kipande cha katikati kikaanguka. Kabla ya hapo kuna mtu alipiga simu, na magari yalizuiwa pande zote mbili. Hakuna gari hata moja lililopata mchubuko, na jambo hilo lilisifiwa sana redioni. Katikati ya daraja walikuwepo vibarua wakiziba mashimo kwa lami. Hao hakuna aliyewakumbuka. Mmoja wao alikuwa Beno, mume wa Klara.

Honi ya meli nayo inataka umeme. Nahodha aliibonyeza na kuibonyeza, haikutoka. Sasa ilikuwa imefika, siku chache baada ya arobaini ya Beno. Kutoka bandarini mpaka Kariakoo si mbali, lakini honi isiyokuwa na kitu cha kuisukuma huenda polepole, halafu kuna foleni.

Tangu siku hiyo honi ililia kila alasiri, bila kugongwa. Watu waliipokea kama wanavyopokea mgao wa umeme. Muadhini wa msikiti wa nyuma alikuwa akiisubiri imalize ndipo aadhini. Kila mtu mtaani alikuwa na mahali pake pa kujibanza, na ukikuta mtu amepakalia pako unamwambia kwa adabu apishe. Klara naye alikuwa akisimama na kujibanza kwenye ukuta wa duka, na upande wa kulia aliacha nafasi ya kumtosha mtu mmoja. Siku moja Hafidhi alikimbilia hapo kwa bahati mbaya. Klara alimtazama tu, na kesho yake Hafidhi akatafuta ukuta mwingine.

Jioni alilibeba sufuria kichwani mpaka chumba chake cha kupanga Buguruni. Chumba kilikuwa kidogo, basi akaliweka kitandani, upande wa Beno. Alipika ugali wa watu wawili kwa mazoea, akala wa mtu mmoja. Alikuwa mpweke kiasi cha kumfurahia mbu akimwimbia sikioni, ila hilo hakumwambia mtu.

Kilichomtesa zaidi kilikuwa swali la mama mkwe. Mama Victoria aliishi Masasi na miguu ilikuwa imemwishia. Hakutoka kitandani mpaka ashikwe mkono, na wa kumshika alikuwa binti wa jirani, akipata nafasi. Kila Jumapili Klara alimpigia simu, akamwamkia, akaitikiwa marahaba, na kabla hawajaulizana habari za mvua swali lilikuwa limeshafika.

"Mwanangu, Beno alishindwaje kukimbia? Mbona alikuwa na miguu?"

Mkandarasi wa matengenezo alisema redioni kwamba vibarua walikuwa wamelala. Klara alikuwa ameishi na Beno, mtu wa kushtuka paka akiruka juu ya bati. Alijua hakulala. Lakini kujua kwake hakukutosha kumjibu mama aliyefiwa na mtoto. Alitaka tume iliyoundwa kuchunguza ajali iseme kwa kinywa chake kwamba hawakuambiwa. Hilo tu ndilo alilolitaka.

Tume ilikaa katika ukumbi mmoja Mchafukoge, ghorofani. Lifti ilikuwa mbovu, Klara akapanda ngazi na sufuria lake kichwani. Mwenyekiti alikuwa mzee mpole aitwaye Leodegar. Alimkaribisha kiti na kumpa pole ya msiba, na pole yake ilikuwa ya kweli.

"Mama, umewahi kuisikia honi ya meli hii?"

"Naisikia, mheshimiwa. Kila siku."

"Kwa hiyo honi ililia."

"Inalia Kariakoo. Imechelewa. Siku ile haikulia."

Mzee Leodegar alivua miwani, akaifuta kwa tai. "Sisi tumetumwa kuchunguza kama honi ililia, mama. Lini, hatukutumwa."

Ndipo sufuria lilipolia. Madirisha yalitetemeka. Wajumbe walinyanyuka wote kwa pamoja na kukimbilia ukutani, mawakili wa kampuni ya meli wakawafuata, na mhudumu wa chai akabaki kona na birika lake amelikumbatia. Mwenyekiti alikuwa wa kwanza kufika, licha ya umri wake. Honi ilipokwisha walirudi vitini, wakanyoosha makoti. Mwenyekiti akasema ieleweke kwamba honi imelia, mbele ya mashahidi, na kwa sauti ya kutosha.

"Mheshimiwa," alisema Klara, "mbona mmesogea?"

"Honi ilikuwa inalia, mama," alijibu mzee Leodegar kwa upole, akaomba aitwe shahidi anayefuata.

Matokeo yalisomwa redioni asubuhi, Klara akipanga mifuniko. Meli ilitimiza wajibu wake wa kupiga honi, na nusu ya Kariakoo ilithibitisha kuisikia. Vibarua kwa uzembe wao wenyewe hawakuitii. Hafidhi aliinuka akaizima redio. Klara alilia, tena kwa sauti, hakujali nani anamwona. Kisha alijifuta kwa kanga akamhudumia mteja.

Jumapili alipiga simu Masasi akiwa hapo hapo barazani. Swali lilikuja kama kawaida.

"Wamesema honi ililia, mama."

"Ililia?"

"Ililia baadaye. Mpaka leo inalia."

"Hebu niwekee niisikie."

Klara aliitumbukiza simu ndani ya sufuria na kusubiri. Honi ikalia. Mtaa ukabanana ukutani, wenye maguta wakavuta maguta yao, kisha watu wakaendelea na shughuli. Klara aliitoa simu. Alisikia kuku, na mtu anayehema.

"Mama?"

"Nipo."

"Uko wapi?"

"Niko nje, mwanangu. Nimefika kwenye mpapai."

"Nani kakushika?"

"Hakuna mtu."

Kila mmoja alisikiliza pumzi ya mwenzake.

"Basi mwanangu hakuambiwa," alisema Mama Victoria.

"Hakuambiwa, mama."

"Haya." Akavuta pumzi. "Sasa ndani nitarudije?"

Klara alitazama huku na huku, kana kwamba Masasi ni mtaa wa pili. Hakuwa na mtu wa kumtuma. Walibaki hivyo kwenye simu, mmoja barazani, mmoja chini ya mpapai, mpaka vocha ilipokwisha.

Daraja lilitengenezwa. Alfajiri wanapelekwa vibarua wapya na koleo na pipa la lami, na akitokea mtu wa kupiga simu, ataipiga mwisho huu wa daraja na mwisho ule, si katikati. Meli ilipakia upya ikaondoka. Inasemekana honi waliyoiweka ni mpya na nzuri.

Ile ya zamani imebaki Kariakoo. Alasiri ikilia, Klara anafunika masufuria madogo, anasimama, anajibanza ukutani, na upande wa kulia anaacha nafasi.