Ndege Saba wa Kisimani

Jumamosi saa nane mchana, katika ukumbi wa kukodi uliopo Granville, Sydney, Emerance aliwaeleza waimbaji maana ya wimbo kabla hawajauimba. Ndiyo desturi ya kwaya ile ya Wakongo, maana watoto waliozaliwa huko hawajui Kifaransa. Wimbo huu pekee ulikuwa umeponyoka. Ulikwisha kuimbwa katika harusi kumi na moja bila kufafanuliwa, kwa kuwa unachezeka. Sasa ilikuwa zamu ya harusi ya Divine, binti wa Mzee Masumbuko.

Emerance hakuketi. Tangu atoke kazini, kwenye nyumba ya wazee Lidcombe, miguu yake ilikuwa imekataa kutulia.

“Mkarara unasema *puis*, yaani ‘kisha’,” alisema. “Sikioni ni sawa na *puits*, kisima.”

“Hilo tunalijua, mama,” alisema Térence wa besi. “Tunalichekaga tangu shule.”

“Tumelicheka. Hatukuuliza kisima gani.”

Armelle, mwenye miaka kumi, aliuliza kwa Kiingereza ndege wa wimboni ni akina nani. Emerance akawataja mmoja mmoja: njiwa, kwale, korongo. Kila jina la ndege lilikuwa jina la utani la kijana wa ghala la kahawa kijijini kwao. Wa saba, mnana, alikuwa Mirindi, mdogo wake, aliyetoweka miaka ishirini na saba iliyopita. Wimboni ndege wanakunywa kisimani bila kufungua midomo, kwa sababu wamekufa.

Alipomtaja mnana, sakafu ilifunguka, duara la mita moja na robo. Chini, vijana saba walikuwa wameketi juu ya mawe, mashati yao makavu.

“Yaya, umezeeka,” alisema Mirindi, akimwita dada yake kama zamani.

“Nina arobaini na tisa. Nitakutoa.”

“Aliyetufunika aseme kwanza. Bila hivyo hatupandi.”

Emerance alisoma ubeti wa mwisho: aliyefunika kisima ndiye aliyeshika mizani. Mpima kahawa wa ghala lile alikuwa mmoja tu. Waimbaji wakamtazama Mzee Masumbuko, aliyekuwa akipanga viti.

“Wimbo ni wimbo, mama,” alisema. “Sogezeni viti, mtoto asije akatumbukia.”

Jumatatu msimamizi wa ukumbi alikuja na uzio wa rangi ya machungwa, akaandika katika fomu: kisima, kimoja. Emerance aliandikia idara mbili za serikali. Ya kwanza ilijibu kwamba kosa lilitendeka Kongo. Ya pili ilijibu kwamba kisima kiko Granville. Baraza la wazee wa kanisa lilisema kadi za harusi zimekwisha kugawiwa.

Siku ya harusi vijana waliimba besi kutoka chini, na Térence alikiri kwamba kwaya haijawahi kuwa na besi kama ile. Emerance aliwateremshia wali kwa kamba, akasimama ukingoni.

“Bado anapima?” aliuliza Mirindi.

“Hapana. Siku hizi anaongoza maombi.”

“Amesema?”

“Bado.”

Ulipofika wakati wa keki, watu walihitaji nafasi ya kucheza. Mzee Masumbuko aliondoa uzio, akaleta ubao wa meza, akakifunika kisima kwa usalama wa watoto. Alifanya hivyo bila kupima, na ubao ukaenea sawasawa pande zote. Kisha akaweka keki juu yake.

Kwaya ikarudia mkarara. Emerance alikuwa bado amesimama. Chini ya keki, besi haikukosea hata mara moja.