Ndoano ya Chaki

1.
MTAALA WA STASHAHADA, MIAKA MIWILI
Mitandao ya Kompyuta na Huduma kwa Watumiaji
Muhula wa tatu: kupanda mnara, kufunga antena.
Njia ya kufundishia: ~~vitendo~~ nadharia.

2.
Msomaji, usinitazame hivyo. Mtaala nimeuandika mimi, Mwalimu Mkumbo, na niliandika vitendo. Mkuu wa chuo akasema mkanda wa kupandia hatuna, wakaguzi wakijua tumekwisha. Nikamwambia mficha uchi hazai. Kikao kikacheka, kikakata neno, chai ikaletwa.

3.
Basi nikafundisha kwa chaki. Mkanda. Ndoano mbili. Moja haifunguliwi mpaka nyingine imeshika. Salome Mughenyi, wa dawati la mbele, alinakili vizuri kuliko wote.

4.
TANGAZO
Mhitimu wetu wa kwanza kuajiriwa, Bi. Salome, leo anarudi kutufungia antena. Mkanda umeletwa na kampuni yake. Wote mhudhurie. Picha zitapigwa.

5.
Upepo wa Singida hauna adabu.

Fundi aliyekuja naye amerudi mjini kufuata waya. Salome hakumngoja, amepanda. Mkuu anapiga picha, anasema binti jasiri huyo. Salome amesimama katikati ya mnara muda mrefu mno, hapandi, hashuki. Naogopa, jamani.

6.
(juu)

usitazame chini Salome usitazame
ya kulia nimeifungua. ya kushoto imeshika, au imeegama tu? ubaoni ilikuwa nyeupe, haina kutu. vidole vimekufa ganzi. nikiiegemea na kumbe haija

7.
“Anasemaje?” mkuu akauliza.

Upepo ukatulia kidogo, tukamsikia.

“Mwalimu! Ikishika, inalia?”

Wote wakanigeukia.

Inalia?

Sijui. Maisha yangu yote sijawahi kuishika ndoano hiyo. Yangu ya chaki haikuwahi kulia.

8.
“Kumbatia chuma, mwanangu,” nikapaza sauti. “Kwa mikono yote miwili. Usifungue kitu. Nakuja tuitazame wote.”

Mkuu akanishika mkono, akaninong'oneza kwamba mkanda ni mmoja tu na ameuvaa Salome. Nikamwambia najua. Nikavua viatu, nikavipanga pembeni kama mtu anayeingia msikitini. Nikaushika mnara, wanafunzi wakinitazama.

Chuma kilikuwa cha baridi.

9.
MAREKEBISHO YA MTAALA
Muhula wa tatu: kupanda mnara. Mkufunzi mgeni: Bi. Salome.
Njia ya kufundishia:

vitendo