Kinyozi Afungwa na Mkwewe

Kinyozi wa pale kona alikuwa hawezi kukaa bila sataranji. Wateja wakiadimika, anacheza. Wakijaa, ananyoa huku jicho moja liko ubaoni. Mtaa mzima hakuwa na mpinzani. Mkewe alizoea kuwaambia majirani, "Mimi nina mke mwenza, tena wa mbao."

Mama mkwe wake, mkunga mstaafu, alipovunjika mguu aliletwa kwao auguzwe. Kukaa bure kulimchosha. Siku moja akasema, "Baba, hebu nifundishe huo mchezo wako, nisije nikaota kutu." Kinyozi akamfundisha kwa adabu zote, akamfunga mara kadhaa, akamwachia ubao wa zamani, akarudi zake dukani.

Mama hakuomba tena kucheza. Plasta ikatolewa, akaanza kutembea kwa mkongojo, bado kimya. Kinyozi akajua yamekwisha.

Miezi ikapita. Jumapili moja, baada ya chakula cha mchana, mama akauweka ubao mezani. "Tujaribu, baba."

Kinyozi akacheza upesi upesi kama kawaida yake, huku akipiga soga na mkewe. Ghafla akaona malkia wake amezingirwa. Soga ikakatika. Akatazama tena, akidhani macho yanamdanganya. Mama akasogeza farasi taratibu. "Mfalme wako hana pa kwenda, mwanangu. Niwie radhi."

 Kung'aka asingeweza, mkwe ni mkwe. Akaomba warudie. Safari hii alifikiri mpaka kijasho chembamba kikamtoka, na bado akafungwa. Mkewe, aliyekuwa akisuuza vyombo, alibaki kasimama na sahani mkononi, maji yakimchuruzika hadi kiwikoni.

"Mama, huwa unacheza na nani?"

"Na nani tena? Asubuhi mkishatoka nakaa nusu saa. Naupanga upya mchezo mmoja kati ya ile uliyonifunga siku zile, natafuta nilipokosea. Kichwa kikichoka, naacha."

"Nusu saa tu?"

"Kila siku lakini. Hata nilipokuwa na homa."

"Mimi nacheza kutwa nzima, mama. Miaka na miaka."

"Unacheza, ndiyo. Umewahi kurudi nyuma ukatazama ulipoteleza?"

 Kinyozi alijaribu kukumbuka japo mchezo mmoja aliowahi kuurudia, asiupate. Usiku ule hakula.

Asubuhi alichelewa kufungua duka. Alikaa mbele ya mama mkwe wake, wakaupanga upya mchezo wa jana. Hata robo saa haijatimia, kichwa kikaanza kumgonga.

"Kumbe hii ni kazi," akasema.

"Kazi haswa. Rudisha hiyo ngome ilipokuwa, uliisogeza kwa pupa."

Akairudisha. Mvua zikaja, zikaisha, ndipo akamfunga mama kwa mara ya kwanza, na kwa shida. Mama akadai marudiano palepale.