Sherwani Mbili za Mzee Jailos

Damari hakuwa na haja ya kwenda dukani siku ile, ila alijua fika kwamba ukiwaachia kaka yake Jailos na mwanawe Anyitike waende Mbeya mjini peke yao, watarudi na upuuzi. Anyitike alikuwa ameona harusi ya Kihindi, bwana harusi kavaa sherwani, lile koti refu la magotini lenye nakshi za nyuzi za dhahabu, na tangu hapo suti haitaki tena. Eti suti kila karani anayo.

Damari ndiye aliyekwenda kumposea Ikupa. Wasichana wengine walikwisha kumkataa Anyitike kwa majivuno yake, na safari hii shangazi mtu aliapa mbele ya wazazi kwamba kijana ametulia. Ikupa naye akiponyoka, nani Rungwe nzima angemwamini tena Damari na maneno yake?

Basi dukani Anyitike akajaribu ya kijani, akajaribu ya rangi ya maziwa, akajigeuza mbele ya kioo mpaka mwenye duka akachoka kushika pini. Akaangukia nyekundu, na kilemba chake, na viatu vyenye ncha zilizojikunja juu. Damari akamwambia wazi kwamba amekuwa jogoo wa Krismasi. Wapi! Mafundi wa cherehani pale barazani walikwisha kumvika kilemba kingine, cha ukoka, wakimwita maharaja, naye akaamini.

Jailos naye, mzee wa kanisa na mvi zake, akaanza kupapasa kitambaa. Akataka kama ile ile, mpaka viatu. Mwenye duka akamweleza kwa adabu kuwa kwao Wahindi vazi lile ni la bwana harusi peke yake.

"Ng'ombe wa mahari wametoka zizi la nani?" Jailos akamuuliza. "Aliyetoa ng'ombe naye ni bwana harusi."

Damari aliona haya kwa niaba yake, maana mwenyewe haya hana. Akamkumbusha kwamba kwa Wanyakyusa mke hamtazami baba mkwe hata kwa bahati mbaya. Akimwona njiani hujifunika akakimbilia migombani. Jailos akasema hayo anayajua, siku hiyo atakaa mbali.

Akae mbali, na koti lile? Siku ya harusi alisimama mlangoni mwa kanisa bega kwa bega na mwanawe, wote wekundu, wote vilemba, vifua mbele. Ikupa akaja na ndugu zake, kichwa kimefunikwa, macho chini kama alivyolelewa. Akayainua kidogo tu, mpaka kwenye viatu. Akaona ncha zilizojikunja, na pembeni yake ncha nyingine zile zile. Yupi mume, na yupi yule asiyetazamwa? Akarudi nyuma, akachuchumaa nyuma ya Damari, akajifunika uso wote.

Damari akamwambia kaka yake avue. Jailos akakataa, hakununua nguo ili ikae sandukuni, avue kijana. Anyitike akasema hiyo ni siku yake, avue baba. Wakabishana hapo hapo, mbele ya mchungaji, kila mmoja kashikilia vifungo vyake, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kumwangalia binti aliyechuchumaa mavumbini kwa ajili yao. Damari aliwachukia wote wawili.

Ndipo sauti ya Ikupa ikatoka chini ya kitambaa, taratibu, bila kutetemeka.

"Shangazi, waambie waoane wenyewe. Sare wanayo tayari."

Akainuka, akashika njia ya kwao. Damari, aliyekuwa na kila sababu ya kulia, alicheka mpaka akaegemea ukuta wa kanisa. Kisha akajifunga kanga vizuri, akamfuata Ikupa, akawaacha wale wawili wakiendelea kubishana nani avue.