Akijiinua, Mpe Chai

Jengo lile siku hizi linauza makochi, na wamelitoboa madirisha. Juzi nilisimama mlangoni, nikaona jua limetua sakafuni, nikalia kama mtoto. Miaka tisa niliyofanya kazi mle, lilipokuwa kasino, sikuwahi kuona jua ndani. Hapakuwa na dirisha wala saa ya ukutani, na mchana na usiku vilifanana kama mapacha.

Nilipapenda, nisiseme uongo. Nilipenda lile zulia jekundu, kelele za mashine za kamari na utani wa fundi aliyezitengeneza. Ndiye aliyenifunulia siri ya zile picha tatu zinazozunguka, ambazo zikifanana zote mchezaji ameshinda: mbili zinafanana, ya tatu inapita kidogo tu.

"Hiyo nusura tumeipanga," aliniambia. "Aliyekosa padogo hang'oki."

Kazi yangu ilikuwa chai ya bure. Msimamizi alinifundisha nisitazame vikombe, nitazame watu: mteja akijiinua tu kitini, chai iwe imeshafika. Hakuna aliyeniweza kwa hilo. Waliniita Gundi, nami nikavimba kichwa.

Aliyenilea ni mjomba wangu, fundi saa. Siku moja alikuja kunisalimia kazini, akajaribu mashine, ikampa ushindi. Basi. Mtu aliyetengeneza saa za mtaa mzima akawa haulizi tena ni saa ngapi.

Siku ya ndoa yangu yeye ndiye alikuwa wa kunikabidhi kwa mume, saa nne kamili asubuhi. Saa tatu na nusu hayupo. Sikuuliza mtu. Nilikwenda kasino na gauni langu jeupe, nikamkuta mahali pake.

"Mjomba, watu wanakusubiri wewe tu."

"Nakuja, mwanangu. Huu wa mwisho."

Picha mbili zikafanana. Ya tatu ikapita kidogo. Mjomba akaguna, akachukua kofia yake, akajiinua. Haki ya Mungu, alijiinua! Mwenzangu alikuwa anapita na sinia. Mkono wangu ukaenda wenyewe, ukachukua kikombe, ukamwekea mbele.

"Sukari mbili, kama unavyopenda," nikasikia sauti yangu ikisema.

Akaketi.

"Basi nimalizie chai," akasema, na kidole kikarudi kwenye kitufe.

Nilikabidhiwa na jirani. Mjomba alifika viti vikikusanywa, kofia mkononi, akauliza mbona tumeanza mapema. Tangu siku hiyo hakukanyaga kasino tena, lakini pia hakuwahi kunitazama usoni vizuri. Alikufa akijilaumu. Kile kikombe sikumtajia hata siku moja.

Siku hizi mgeni akijiinua kwangu, nakimbilia kumfungulia mlango. Simwambii akae kidogo, simwongezei chai. Wajukuu wangu wananicheka, wanasema bibi ana mkono wa birika. Waache waseme.