Sauti ya Ubao

Ukishinda shindano la gitaa Jerez, kusini mwa Hispania, mji mzima huwa umeshakujua kabla hujafika nyumbani, na wauza samaki ndio wa kwanza kukukosoa. Eloísa Carpio alishinda mwezi Mei. Septemba, kwenye sikukuu ya mavuno ya zabibu, akaitwa kumpigia shangazi yake, Angustias, ndani ya ghala kubwa la mvinyo. Shangazi alikuwa amevuka sabini na tano, na maisha yake yote alikuwa ameimba katika klabu ya mtaani kwao tu, ambako hakuna spika na watu hukaa wamebanana bega kwa bega.

Ghala lilihitaji spika, na gitaa likahitaji kinasa, kile kijidude kinachochukua sauti yake na kuipeleka kwenye spika. Eloísa akaenda kwa Leandro, fundi aliyelichonga gitaa lenyewe, naye akamwekea viwili mezani. Kimoja kilikuwa ukanda mwembamba wa kuchomeka chini ya mfupa unaobeba nyuzi. Kingine kilikuwa kisahani, kama kifungo cha koti, cha kubandika kwa ndani, chini ya ubao wa kifuani.

"Ukanda unasikia nyuzi," alisema Leandro. "Kifungo kinasikia kila kitu, mpaka ukijikuna. Ila ukizidisha sauti, spika zitapiga yowe mbwa wote waje."

"Nipe ukanda."

"Unapiga peke yako?"

"Nampigia Shangazi."

"Haya. Nimeuliza tu."

Eloísa alielewa alichoulizwa. Kwa watu wa flamenko, muziki wa huko kwao, mpiga gitaa ni mtumishi wa mwimbaji, na akijifanya bwana husemwa maneno yasiyoandikika. Lakini nyuzi zake zilikuwa tamu kweli, na alitaka hata aliyekaa nyuma kabisa azisikie moja moja. Nani asingetaka?

Asubuhi ya sikukuu wakaenda kufanya majaribio. Fundi wa sauti akavitenga viti vyao mbali ili maiki zisiingiliane. Nazario, binamu yake Eloísa na mwandaaji wa shughuli, akaketi mbele anatafuna lozi. Eloísa akaanza soleá, wimbo mzito wa polepole wa flamenko, nyuzi zikang'aa ghala zima. Akafika mahali pa Shangazi kuingia. Shangazi hakuingia. Alikuwa amekodolea macho mikono ya Eloísa, na alipoingia alikuwa amechelewa. Wakarudia, akachelewa tena.

"Nani kaliua gitaa?" Shangazi akauliza.

"Shangazi jamani! Halijawahi kulia vizuri hivi."

"Limekufa nakwambia. Kidole chako kiko wapi? Kile cha ubaoni, pa, pa! Umekiuza?"

Hakukiuza. Kucha ya kidole cha pete ilikuwa inagonga ubao kushika mapigo, kama siku zote, ila ukanda haukuwa na habari nayo.

Nazario akamvuta Eloísa nyuma ya mapipa. "Dada, bibi wa watu kazeeka, tusidanganyane. Kuna binti mwimbaji kutoka mji wa Utrera, nikimpigia simu sasa hivi anakuja."

"Halafu Shangazi umwambie nini?"

"Utamwambia wewe. Au unataka Jerez nzima imwone anapotea? Kama unampenda, mpumzishe."

"Nipe mpaka saa kumi."

Alitaka kumtukana akashindwa, maana hofu ile ile alikuwa nayo yeye. Akageuka kumtazama Shangazi: mkoba mapajani, mgongo umenyooka, haombi huruma ya mtu. Huyu ndiye aliyemfundisha kuhesabu mapigo kwa kugonga meza ya jikoni kabla hajajua kusoma. Leo amwambie akapumzike, kwa mdomo gani? Kama Shangazi anataka ubao, hata ikiwa ni ukaidi wa uzee, apewe ubao.

Akarudi kwa Leandro mbio. "Toa ukanda. Bandika kifungo."

Leandro hakusema "nilikuambia." Watu wa namna hiyo ni wachache, na wangestahili kujengewa sanamu. Alibandika, akagonga, akatega sikio, akabandua, akasogeza upana wa punje ya mchele, akabandika tena.

"Nyuzi zitapoa," akaonya.

"Zipoe."

Na zikapoa. Huko ghalani spika zilipiga yowe mara moja tu. Fundi wa sauti akaliziba tundu la gitaa kwa kizibo cha mpira na kupunguza sauti, na nusu ya utamu ikaondoka. Eloísa akamwomba alaze spika ndogo miguuni pa Shangazi, ili mapigo ya ubao yamfikie. Wakajaribu tena. Shangazi akaingia palepale panapotakiwa, na Nazario akairudisha simu mfukoni.

Jioni, ghala limejaa, Eloísa alipiga soleá isiyokuwa na mng'aro hata kidogo. Kidole cha pete kikagonga, pa, pa. Shangazi akafumba macho, kitu ambacho asubuhi hakukifanya, akaingia na sauti ile iliyokwaruzika, nzito, isiyomwogopa mtu, na watu wazima wakaanza kulia bila kuona haya. Hakukosea mahali. Ilikuwa fahari kukaa kando yake.

Walipomaliza, muuza samaki mmoja akamwambia Eloísa, "Gitaa lako leo lililia kama kreti la dagaa."

"Asante, kaka," akajibu, akaenda kumvalisha Shangazi koti. "Samahani, Shangazi. Najua nyuzi hazikutoka vizuri."

"Mwanangu, nyuzi mimi sizisikii. Huu mwaka wa nne."

Eloísa akabaki ameshika mkono wa koti. "Na klabuni je, ninapokupigia kila Jumamosi?"

"Klabuni nashika kiti chako. Ukigonga, mapigo yananijia mkononi." Akaingiza mkono wa pili kwenye koti. "Mei, uliposhinda, nilikuwa mstari wa mbele. Nikawatazama wenzangu; walipopiga makofi, na mimi nikapiga. Leo ndiyo nimekusikia."