Vikapu Vyangu vya Mapichi

Vile vikapu vilikuwa vyangu. Hapa Springfield, watu wakisimulia mpira wa kikapu ulivyoanza, husema vilitoka ghalani, kana kwamba ghala huzaa vikapu. Nilikuwa navyo kwa ajili ya kuchumia mapichi yangu kila mwisho wa kiangazi. Mume wangu Orrin akavibeba bila kuniuliza, eti mwalimu mmoja wa chuoni anatafuta kitu cha kutundika ukumbini.

Orrin alikuwa mfagiaji wa chuo na mchochea tanuru. Vikapu vikapigiliwa kwenye roshani ya ukumbi, kimoja kila upande, na wanafunzi wakawa wanashindana kutumbukiza mpira. Vilikuwa na vitako vyake, kwa hiyo mpira ukiingia ulikaa humohumo, mpaka Orrin apande ngazi kuutoa. Goti lake moja lilikuwa bovu. Jumamosi moja, tukila maharage, nikamwambia akate vile vitako yaishe.

"Nikikata nitakuwa nani, mama?"

"Kwani sasa wewe ni nani?"

"Sasa wananingoja," akasema.

Na kweli walimngoja. Nilikwenda kuona kwa macho yangu. Kila alipopanda, vijana walipiga miguu sakafuni. "Taratibu, babu, usije ukatumbukia wewe!" Naye akacheka kicheko ambacho nyumbani sijakisikia miaka mingi. Iliniuma, sitaficha.

Mwezi Machi walialika wageni. Asubuhi Orrin aliipaka sakafu nta kwa mikono yake mwenyewe, ili ing'ae. Mchezo ulipokolea, mpira ukaingia, akapanda, na ngazi ikateleza. Aliangukia nyonga. Nikashuka mbio kutoka roshani, nilikokuwa nikitazama. Nikakuta wameshamsogeza ukutani na kumfunika koti, na mmoja ametumwa kwa daktari. Wengine walikuwa wanatazama juu, kikapuni.

Kijana mmoja mrefu akaisimamisha ngazi, akautoa mpira. Mchezo ukaendelea, hatua chache tu kutoka miguuni pa mume wangu.

Orrin alikuwa amefumba macho kwa maumivu. Akanishika mkono.

"Nani amepanda?"

"Hakuna," nikasema. "Wanakungoja."

Alikuwa anazisikia zile mbio sakafuni kama mimi, lakini akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeamua kuniamini.

Nyonga haikupona sawasawa. Kabla majira hayajageuka, chuo kilituletea kikapu kimoja pamoja na salamu za shukrani. Walikuwa wamekata vitako vyote viwili. Mchezo umechangamka sana, mletaji akasema, siku hizi hausimami hata kidogo.

Orrin akakipakata. Akapitisha mkono juu, ukatokeza chini, akautazama mkono wake ukining'inia upande wa pili.

"Ilikuwa kazi ya kisu tu," akasema.

Nikamwambia ndivyo. Mapichi yalipoiva nilikwenda kuyachuma kwa ndoo.